Mwaka Walipong'atuka Walimu Wawili

Mwaka 1985, mtu wa Arusha akikwambia "Mwalimu anaondoka" ilibidi kwanza umuulize ni Mwalimu yupi. Nchi nzima ilikuwa na mmoja, Nyerere, aliyeishika tangu Uhuru. Sisi vijana wa timu ya kiwanda kimoja cha mtaa wa Unga Limited tulikuwa na wetu, kwa kuwa katika mpira wetu kocha naye huitwa mwalimu. Yule wa nchi alikuwa ameshatangaza kwamba anang'atuka. Wetu alikuwa bado. Miaka 40 imepita, na kila ninapopita karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hunijia neno moja nililopaswa kumwambia mzee yule nikashindwa.

Jina lake nalihifadhi, maana wanawe na wajukuu wapo na hawakuniomba nimwandike. Alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa Arusha na kazi ya reli, akaoa Mwarusha wa Ilboru, asirudi tena pwani. Alipoacha reli, kiwanda kilimpa kazi stoo, lakini kazi yake hasa ilikuwa sisi. Hakutukana mchezaji hata siku moja. Ukikosea pasi alikuita pembeni, akakushika bega, akakuuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, uliona nini pale?" Ukimwambia ulichokiona, naye anakwambia alichokiona yeye. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi baadaye, na hakuna aliyenifundisha kwa swali fupi kama lile.

Vijana wa leo wana mipira kumi kwenye wavu mmoja, hivyo sharti nieleze hali ilivyokuwa. Mpaka wa Namanga ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Katika miaka ile njumu zilikuwa mali ya kurithiana. Kulikuwa na vita vya Kagera, kisha ukata uliofuata vita: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na ugali wa mahindi ya njano ambao watu waliuita yanga kwa rangi yake. Timu yetu ilikuwa na mipira 2 ya ngozi. Ikifumuka, Mwalimu aliichukua nyumbani akaishona mwenyewe. Alikuwa na shazia aliyoipinda kidogo motoni, na uzi alioupitisha mara tatu kwenye kipande cha nta ili maji yasiuozeshe. Alichoma tundu, akavuta uzi kwa meno, akakaza, akapapasa mshono kwa kidole gumba akiwa amefumba macho. Alisema mshono mbaya huusikia kabla hujauona.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetupandisha daraja mwaka 1979, kwa mfumo wa nne-mbili-nne: mabeki 4, viungo 2, washambuliaji 4. Ni mfumo ule uliowapa Brazil Kombe la Dunia mwaka 1958, na yeye aliuamini kama anavyoamini sala. Kwa wakati wake ulitutosha. Tulikuwa na mawinga wawili wenye mbio, na Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo timu za pwani zilikata pumzi mapema, mawinga wetu wakazimaliza. Mwaka uliofuata Taifa Stars ilikwenda Lagos, mara yetu ya kwanza katika fainali za Mataifa ya Afrika, ikiwa na Mpolandi Slawomir Wolk na Joel Bendera kwenye benchi. Televisheni Bara haikuwepo. Tulisikiliza Redio Tanzania uani kwake, naye akiwa na daftari mapajani, kila mtangazaji anapotaja mpira umekwenda kwa nani, yeye anachora mshale. Thuwein Ally alipofunga, Mwalimu alisimama, akaketi, kisha akachora mshale ule upya kwa wino mzito.

Nadhani daftari lake lilikomea Lagos. Mpira ulikuwa unabadilika mbele ya macho yetu. Wapinzani walianza kuweka watu 3 katikati, na viungo wetu 2 wakawa wanakimbizana na watu 3 kwa dakika 90. Mimi nilikuwa beki wa kati na nahodha, niliyaona kutoka nyuma kama mtu anayetazama bonde akiwa mlimani. Mpira ukipotea kwetu, mbele yangu palikuwa wazi. Mawinga wetu wazuri walikuwa wameshakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na waliobaki hawakuwa na mbio za kuufanya mfumo ule ulipe gharama yake. Msaidizi wake, kijana aliyetoka kwenye mafunzo ya ukocha, alimwomba mara mbili, kwa adabu, tujaribu viungo 3. Mwalimu alimsikiliza, akamshukuru, Jumapili akapanga nne-mbili-nne.

Ilikuwa Julai 1985 tulipocheza na timu ya Moshi pale Sheikh Amri Abeid. Anayeijua Arusha anaijua Julai yake: Mlima Meru hauonekani, wingu limeshuka mpaka migomba ya Ilboru, na manyunyu hayanyeshi wala hayaachi. Mpira wa ngozi ulikuwa umelewa maji, kuupiga kichwa ni kama kupiga gunia. Nilitoka kabla ya mapumziko, kifundo kimevimba, nikaketi benchi kando yake. Kipindi cha pili tuko nyuma 2-0. Mwalimu akasimama, akageuka kwenye benchi akaita jina la winga wa kushoto. "Vaa, unaingia."

Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa sauti ya upole ileile, akitupitia mmoja mmoja kwa macho. Winga aliyekuwa akimwita alihamia Dar es Salaam mwaka 1982. Mtoto mmoja wa Ngarenaro, wa miaka 18, akadhani labda amekosea kusikia, akaanza kuvua koti. Ndipo macho ya Mwalimu yakakutana na yangu. Nilimwona akikumbuka. Mkono wake ulikwenda kifuani ukaishika filimbi, ukaikamata vile mtu anavyokamata nguzo chombo kinapoyumba, kisha akaketi. Yule mtoto alibaki na koti nusu mwilini. Hakuingizwa mtu.

Uwanja ule una jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, waziri aliyefariki mwaka 1964 akiwa bado kijana, mshairi aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Washairi wetu wana neno kaditama, ambalo mtunzi huliweka mwenyewe katika ubeti wa mwisho ili msikilizaji ajue hapa ndipo pa kukomea. Siku ile niliona mtu ambaye ubeti wake wa mwisho ulikuwa umeshapita, na sisi tuliomzunguka tunaendelea kuitikia.

Na tuliitikia kweli. Ndani ya lori la kiwanda, tukirudi tumelowa, palikuwa kimya mpaka mmoja akasema refa alinunuliwa. Basi, sote tukapata pa kushika. Refa, uwanja, mvua, njumu. Mwalimu ameketi mbele na dereva, kioo cha nyuma kiko wazi, anatusikia. Na mimi nahodha nilisema, tena kwa sauti: "Bao la pili lilikuwa la kuotea." Halikuwa la kuotea. Mimi ndiye beki, hata kama nilikuwa nje nililiona vizuri.

Wiki hiyo viongozi wa timu waliniita. Walikuwa wanamheshimu, na kwa sababu hiyo kila mmoja aliona afadhali mwingine akamwambie. Wakakubaliana aende nahodha, "maana wewe ni kama mwanawe." Nikakubali. Nilikwenda jioni, mwisho wa Julai, siku zilezile ambazo Mwalimu Nyerere aliliaga Bunge. Redio ilikuwa inazungumzia hotuba ile nyumba hadi nyumba. Ungeweza kutembea kutoka Kaloleni hadi Levolosi usikose sentensi.

Nilimkuta uani, kwenye kigoda, mpira mapajani, shazia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Kifundo kinasemaje?"

"Kinaendelea vizuri."

Mkewe akaleta chai ya rangi, kavu, na kunong'ona kwamba sukari ndiyo hiyo iliyokosekana. Tukanywa. Mwalimu akaelekeza kidevu redioni. "Unalisikia neno hilo? Kung'atuka. Ni Kizanaki, neno la wazee wa kwao. Mzee ananyanyuka mwenyewe, hajasukumwa." Akavuta uzi kwa meno. "Wako wanaomsihi abaki, unajua? Wengi." Akanyamaza akipapasa mshono. Kisha akaniuliza swali lake lilelile: "Wewe mwanangu, unaona nini?"

Sijawahi kufunguliwa mlango mpana kuliko ule. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima. Nilinyanyua kikombe nikanywa, kikombe kikawa mbele ya uso wangu, na niliposhusha nikasema: "Naona tutakaa sawa, Mwalimu. Msimu bado mrefu."

Akaniangalia kidogo. "Haya," akasema. Akaendelea kushona.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma. Alisimama akashika tawi, hakunitazama. "Nilijua umekuja na nini," akasema. "Mwanangu, ninyi ndio mnaomweka pale. Kila mkifungwa mnakuja hapa, mnakula, mnamwambia refa. Yeye usiku halali, anahesabu marefa. Kwetu rika likishafika wakati wake linakabidhi kwa rika la chini, watu wanakula nyama, mtu anakuwa mzee. Hakuna anayeliona hilo ni aibu. Ninyi mmelifanya liwe aibu kwa kulificha." Nikamwambia nitarudi. Sikurudi kwa ajili hiyo.

Hayo yalikuwa na gharama, na haikulipwa na mimi. Agosti, CCM ikamteua Ali Hassan Mwinyi. Septemba, yule mtoto wa Ngarenaro, aliyeachwa na koti nusu mwilini, alipangwa kiungo katika wale 2, akapelekeshwa kila mechi, mashabiki wakamzomea yeye. Kabla ya mwisho wa msimu aliacha mpira, akaenda kuuza mitumba. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena. Oktoba tukashuka daraja. Msaidizi, kijana mwenye viungo 3 kichwani mwake, alikaa pembeni ya mwalimu wake mpaka siku ya mwisho bila kumsengenya.

Tarehe 5 Novemba, Mwinyi aliapishwa. Alasiri ya siku iliyofuata tulikuwa mazoezini, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kiwanda. Mwalimu alikuja amevaa shati jeupe la kwenda mjini. Akavua filimbi shingoni, akamvisha msaidizi wake, akampa daftari na shazia. Alisema maneno machache: kwamba amekaa kupita wakati wake wa kuondoka, na kwamba anatuomba radhi, hasa wadogo. Akaongeza kuwa hatakuja uwanjani kwa miezi sita, ili mtu asije akamwangalia yeye badala ya kumwangalia mwalimu wake.

Hilo la mwisho nimelifikiria sana. Bill Shankly alipoiacha Liverpool mwaka 1974, akiwa ametoka kutwaa Kombe la FA, aliendelea kufika mazoezini, na wachezaji waliendelea kumwita bosi mbele ya Bob Paisley aliyemrithi, mpaka ikawa tabu kwa wote wawili. Hata Mwalimu Nyerere, aliyetoka Ikulu kwa hiari, alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na watu wakabishana miaka mitano kuhusu nahodha ni yupi. Kocha wetu alikata kamba siku moja. Ila alimkabidhi mwenzake chungu kilichokwisha pasuka. Kiwanda kilikuwa kinakosa malighafi na fedha za kigeni, timu iliyoshuka daraja haikuwa na wa kuitetea kwenye vikao, na baada ya misimu michache haikuwepo. Kama ingekabidhiwa Julai, ikiwa bado kwenye ligi, na yule mtoto wa Ngarenaro yumo, labda ingeokoka. Sisemi ingeokoka. Nasema mrithi angepata kitu cha kurithi.

Miezi sita ilipopita, Mwalimu alianza kufundisha watoto wa shule ya msingi, jioni, kwenye kiwanja chenye mteremko. Hakuwapangia mfumo wowote. Nilikuwa nikipita namwona ameshika bega la mtoto, najua anamuuliza nini.

Tulizungumza jambo lile mara moja tu, Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki London tarehe 14. Arusha ulikuwa msiba wa karibu, maana mwaka ule na uliotangulia alikuwa akija hapa kwenye ukumbi wa AICC kuwapatanisha Warundi. Watu waliozoea kumwona akipita walisimama kando ya redio bila kuvua kofia wala kuzivaa, hawajui la kufanya na mikono. Nilikwenda kumpa pole kocha wangu, kwa kuwa nilijua atauchukua kama msiba wa nyumbani. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, lakini alinijua kwa hatua zangu.

Tulikaa kimya kirefu. Kisha akasema: "Unaikumbuka siku ya chai kavu?"

"Naikumbuka, Mwalimu."

"Nilijua umetumwa. Nilikuwa nimeshapanga jibu langu, lilikuwa neno moja tu: ndiyo. Nikakuuliza unaona nini ili nikurahisishie." Akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. "Ukanywa chai. Nikasema moyoni, basi, ikiwa hata huyu haoni, labda na mimi sioni vizuri. Labda bado ninaweza."

Nilimwomba msamaha. Akanishika bega. Hakuniuliza swali safari hii.

Maisha yangu yote nilikuwa nimejiambia kuwa nilinyamaza kwa heshima. Siku ile nilijua nilichokiita heshima kilikuwa woga wangu, nimeuvisha kanzu. Mtu anayezeeka kwenye kazi aliyoipenda hapungukiwi ushujaa kuliko sisi. Anapungukiwa kioo. Kila anapogeuka anaona nyuso zinazomwambia yuko sawa, na kwa kuwa anatupenda, anatuamini. Tunasema viongozi wetu hawajui kuondoka, makocha wetu hawajui kuondoka, wazee wa misikiti na makanisa na vyama hawajui kuondoka. Ningependa tujiulize pia ni wangapi kati yetu tumekwenda nyumbani kwao jioni, tumeulizwa tunaona nini, tukasema msimu bado mrefu. Kung'atuka ni kazi ya anayeondoka. Kumwambia ukweli mapema, angali na kitu cha kukabidhi na heshima ya kuondoka nayo, ni kazi ya wanaompenda, na haiwezi kuachiwa mashabiki wanaozomea, kwa sababu wao husema ikiwa imeshachelewa, na husema vibaya.

Mwalimu alitangulia mbele ya haki miaka michache baadaye. Tulimzika siku ambayo Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni. Nilibeba jeneza upande wa kushoto, na nyuma yangu alikuwa yule msaidizi wake wa zamani.

Sasa mimi mwenyewe nina miaka zaidi ya 60, na nafundisha watoto mpira kule Sombetini, Jumamosi na Jumapili. Nina msaidizi, binti wa miaka 26 mwenye leseni ya ukocha na kompyuta ndogo yenye michoro ambayo nusu yake sijui kuisoma. Ananiita mwalimu, ananiamkia vizuri, hanipingi mbele ya watoto. Nilipomwona jinsi anavyoniheshimu niliingiwa na hofu. Nikamketisha kwenye ngazi za uwanja, nikamsimulia haya yote: shazia, koti la yule mtoto, ua wa michongoma. Nikamwambia, siku utakayonisikia ninaita jina la mchezaji aliyekwisha kuondoka, njoo nyumbani jioni ileile. Mke wangu atakukaribisha chai. Usiinywe kwanza.